Mikrobe Zenye Kutusaidia

Si kila mikrobe ni adui. Ngoa shina la maharagi: utaona vinundu vidogo kwa mizizi. Ndani munakaa mikrobe. Maharagi inazipa sukari. Nazo zinatoa chakula katika hewa na kuilisha maharagi. Kila upande unapata faida.

Ni vile vile tumboni mwa mutoto. Katika maziwa ya mama kuko sukari zingine ambazo mutoto mwenyewe hawezi kusaga. Basi ni za nani? Ni chakula cha mikrobe nzuri. Zikishiba, zinaongezeka na kufanya tumbo kuwa chachu kidogo, na mikrobe za kuhara zinakosa nafasi.

Tufanye nini?

1. Nyonyesha mutoto katika saa ya kwanza kisha kuzaa. Maziwa ya kwanza ya manjano, usiyamwange.

2. Mpaka miezi 6, umupe maziwa yako tu, na dawa ya muganga kama iko lazima. Mama mukwe akisema mutoto ana kiu, umujibu kwa heshima: maji iko ndani ya maziwa.

3. Usinunue sokoni vidonge vya kuua mikrobe. Vinaua na zile nzuri. Mutoto akihara, umunyonyeshe zaidi, umulete upesi.