Michezo ya Mtoto Wakati wa Kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi huwa kali katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Huko Makete na Njombe, alfajiri nyingine majani hufunikwa na sakitu. Katika majira haya wazazi wengi huwaweka watoto ndani, wakae kimya kando ya jiko la mkaa. Nia yao ni njema, lakini madhara yapo mawili. Mkaa unaowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Aidha, mtoto asiyecheza hukosa njia yake kuu ya kujifunza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa mwaka 1 hadi 4 aushughulishe mwili kwa dakika zisizopungua 180 kila siku, kwa vipindi mbalimbali. Baridi haiondoi hitaji hilo.

Ndani ya nyumba, viazi mviringo vichache vyatosha. Mtoto wa miaka 2 huvitia kikapuni na kuvitoa. Wa miaka 3 huvipanga kwa ukubwa. Wa miaka 4 huvihesabu na kumuuzia mama katika mchezo wa duka. Hivyo mkono hupata ustadi, akili hulinganisha, na ulimi huongeza maneno. Maharage na visoda asipewe mtoto wa chini ya miaka 3, kwani aweza kupaliwa.

Jua likichomoza, avalishwe nguo mbili tatu, kofia na soksi, atoke nje. Apulize pumzi auone mvuke. Aguse sakitu aone inavyogeuka maji. Kisha akimbizane na wenzake. Mzazi amuulize, "Maji haya yametoka wapi?" na angoje jibu.

Katika kliniki ya mama na mtoto, mhudumu akishapima uzito aulize maswali mawili: "Siku za baridi mtoto anacheza nini?" na "Jiko mnaliwasha wapi?" Asikilize, apongeze, kisha aonyeshe mchezo mmoja kwa kifaa kilichopo nyumbani.

Mtoto anayepumua kwa kasi, anayebonyea kifua avutapo hewa, au anayeshindwa kunyonya au kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja.