Mawe Kwenye Kifuko cha Nyongo: Lini Ukae Nayo, Lini Ukubali Kupasuliwa

Maumivu ya juu ya tumbo majumbani mwetu yamepewa jina moja: vidonda vya tumbo. Mama akishika chembe cha moyo usiku, ataletewa omeprazoli, atakatazwa pilipili na maharage, na miezi itapita. Wengine kweli wana vidonda. Lakini wapo wanaomeza dawa hizo mwaka mzima huku tatizo likiwa upande wa kulia chini ya mbavu, kwenye kifuko cha nyongo. Anayelifichua mara nyingi ni mpimaji wa altrasaundi, na jioni hiyo hiyo familia inaanza kubishana: apasuliwe au asipasuliwe?

Nyongo hutengenezwa na ini. Kifuko huitunza na kuikoleza, na mtu akila chakula cha mafuta, hujikamua na kuimwaga kwenye utumbo. Mawe hujengeka pale nyongo inapozidiwa na lehemu, ile ambayo wengi huiita kolesteroli, au na rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizovunjika. Mengine ni madogo kama punje ya mchanga, mengine hufika ukubwa wa gololi. Huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa, watu wenye uzito mkubwa na waliovuka miaka 40. Anayejinyima chakula ili apungue kilo nyingi kwa haraka naye hujiweka hatarini, apungue taratibu.

Kama hayaumi

Watu wengi wenye mawe hawajui kuwa wanayo, na watazeeka nayo kwa amani. Kati ya watu 100 wenye mawe yaliyo kimya, ni kama 1 hadi 4 tu wanaoanza kuumwa kila mwaka. Kwa hiyo jiwe lililoonekana kwa bahati tu, labda ulipokwenda kupima ujauzito, kwa kawaida halipasuliwi. Madaktari hufikiria vingine ikiwa jiwe limezidi sentimita 3, au kifuko kina kinyama kilichoota ndani, au kuta zake zimekakamaa kwa chokaa. Mwombe daktari akusomee ripoti, na uihifadhi.

Yakishaanza kuuma

Maumivu ya mawe yana tabia yake. Huja baada ya mlo mzito wa mafuta au katikati ya usiku, hupanda hadi yakakaza, hukaa nusu saa hadi saa kadhaa, kisha huachia. Huweza kupiga mgongoni au kwenye bega la kulia, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Dawa ya kupunguza asidi haiyagusi.

Aliyepata shambulio moja ana uwezekano mkubwa wa kupata jingine, na hapo ndipo familia nyingi hukosea: maumivu yakiachia, wanadhani yamekwisha. Jiwe likikwama, kifuko huvimba na kuingia maambukizi. Likiteleza hadi kwenye mrija wa nyongo, mgonjwa hugeuka manjano, au kongosho huwaka, na kongosho likiwaka linaweza kuua. Ndiyo maana tunasema wazi kuwa mwenye mawe yanayouma, na ambaye mwili wake unaweza kuhimili nusu kaputi, apange upasuaji akiwa bado na nguvu. Upasuaji uliopangwa ni salama kuliko wa dharura, na unakupa muda wa kuulizia bima, kutafuta fedha na kupata wa kubaki na watoto.

Wengi huuliza kwa nini wasitolewe mawe tu, kifuko kikabaki. Ni kwa sababu kifuko kile kile kitatengeneza mengine. Daktari Mjerumani Carl Langenbuch alilitambua hilo alipokitoa chote kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882. Mtu huishi vizuri bila hicho kifuko: ini huendelea kutengeneza nyongo, nayo hutiririka moja kwa moja kwenye utumbo. Baadhi huharisha kwa muda, na wachache hubaki na maumivu.

Siku hizi hospitali kubwa hufanya upasuaji huu kwa matundu madogo, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake. Pasipo na vifaa hivyo, mgonjwa hupasuliwa kwa mkato mmoja mkubwa, naye huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kubeba ndoo au kulima. Hata aliyeanza kwa matundu anaweza kuishia kwenye mkato akiwa mezani, na daktari akiamua hivyo anakulinda. Hatari kubwa zaidi ni kukatwa au kuumizwa mrija mkuu wa nyongo. Hutokea mara chache, lakini muulize daktari wako kabla ya kutia saini.

Limau, mafuta na maji mengi

Wapo wanaouziwa mchanganyiko wa limau na mafuta ya zeituni ili "wayatoe." Vile vibonge vya kijani vinavyoonekana chooni ni sabuni iliyotengenezwa tumboni na mafuta hayo hayo. Kunywa maji mengi husaidia mawe ya figo. Haya ya nyongo hayapiti kwenye mkojo. Vipo vidonge vya kuyeyusha mawe madogo ya lehemu, lakini humezwa kwa miezi mingi na mawe hurudi mara kwa mara. Unaposubiri zamu yako, punguza chipsi, nyama za mafuta na vya kukaangwa. Mashambulizi huenda yakapungua, ingawa mawe yatabaki.

Mwenye selimundu

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa na selimundu (sikoseli), na damu yao inayovunjika kila siku huwaletea mawe wakiwa bado wadogo. Maumivu ya tumbo ya mtoto huyu yasiitwe "krisisi" ya selimundu tu, apigwe altrasaundi. Akipangiwa upasuaji, timu ya selimundu ijue mapema, maana atahitaji kuandaliwa damu, maji na joto la kutosha.

Popote ulipo, hata kama ni usiku wa manane: ukipata homa na kutetemeka, macho ya manjano, mkojo wa kahawia iliyokolea, au maumivu yaliyodumu zaidi ya saa 5 bila kuachia, nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji. Usisubiri kukuche.