Kirikuu Bovu Kuwa Gari la Mbio la Kizamani

Lotus Seven ya Colin Chapman ilitoka 1957: fremu ya mabomba, viti viwili, boneti ndefu, basi. Mwaka 1996 mwalimu Mwingereza, Ron Champion, akaandika kitabu cha kuiunda nyumbani kwa pauni 250 tu, akitumia mitambo ya Ford Escort. Escort hapa Chole utaitoa wapi? Kirikuu, yaani Suzuki Carry, ndizo tulizonazo. Na Caterham, wanaoiunda Seven tangu 1973, walitoa Seven 160 mwaka 2013 kwa injini ya Suzuki ya cc 660 na ekseli ya nyuma ya Suzuki. Ina kilo 490 tu. Uzito mdogo ndio mchezo wote.

Hatua ya kwanza: tafuta Suzuki Carry ya gia za mkono, inayovuta kwa tairi za nyuma peke yake. Bodi ikiwa imeoza, sawa; injini iwake na kadi iwepo. Bila kadi usitoe hela. Kabla hujakata chochote, ulizia TRA na trafiki watataka nini kwa gari lililobadilishwa namna hiyo.

Hatua ya pili: pima kabla ya kufungua, hasa mlalo wa injini. Injini za vigari hivi huwa zimelala upande. Ukiisimamisha wima, pampu inaweza kunyonya hewa badala ya oili.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe: fremu. Nunua skwea paipu za inchi moja, unene milimita 1.6. Chora fremu kwa chaki juu ya ubao ulionyooka, kata, panga, kisha zishike kwa nukta ndogo za kuchomelea. Pima kona kwa kona, pande zote mbili. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita mbili, kata nukta uanze tena. Vikikubali, chomelea kidogo kulia, kidogo kushoto, maana joto huvuta chuma. Fundi wa mageti atakufaa, ila ana tabia ya kusaga mchomo mpaka uwe bapa ili upendeze. Mkataze. Nguvu unayoihitaji ndiyo hiyo anayoisaga, na geti halipigi kona kwa mwendo kasi.

Hatua ya nne: miguu. Shokapu za mbele za Carry ni ndefu, haziingii chini ya boneti fupi kwa kimo. Chonga mikono ya umbo la A, juu na chini, yenye boljointi. Kazi hiyo, pamoja na kukata propela na kuilinganisha isitikisike, peleka kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Springi za nyuma zilitengenezwa kubeba mizigo, zitakurusha. Weka laini zaidi. Halafu usilaze gari chini kama Waingereza: kwa njia zetu za udongo acha sentimita 17, na bamba la chuma chini ya sampu.

Bati la alumini, madigadi na taa za duara havina shida. Bana matumizi hapo, si kwenye breki, stelingi, tairi wala mikanda.

Jaribu uwanjani, polepole. Kabla ya kuondoka, piga mstari wa rangi kutoka kila nati hadi kwenye chuma inapokaa. Ukirudi, mstari uliokatika ndiyo nati iliyolegea: ifungue, weka mpya ya kujifunga.