Presha ya Macho: Somo Kutoka Utafiti wa Moshi

Presha ya macho, yaani glakoma, huharibu mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, mara nyingi bila maumivu. Uoni uliopotea haurudi.

Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 waligawanywa kwa nasibu: kundi moja lilitumia matone ya timololi, jingine lilipata tiba ya leza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kuwa baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa asilimia 31 ya macho yaliyotiwa matone na asilimia 61 ya yaliyopata leza.

Hata hivyo, anayetumia matone asiyaache bila ushauri wa daktari. Wananchi wa Rungwe waliovuka miaka 40, hasa wenye ndugu wa damu aliyeugua, wanahimizwa kupima macho mapema.