Gemu 100 Hazitoshi

Sisi tunaocheza sataranji kwenye kompyuta tunaujua mtindo huu: mtu anabadili mpangilio mmoja wa programu yake, anaipambanisha usiku kucha na ile ya zamani, asubuhi anatangaza, "Jamani, imeongezeka nguvu!" Mimi huwa nauliza mambo mawili tu: gemu ngapi, na dhidi ya nani?

Tupige hesabu. Tuseme mpangilio mpya umecheza gemu 100: umeshinda 35, sare 40, umefungwa 25. Ushindi ni pointi 1 na sare ni nusu, kwa hiyo umepata 55%. Kwa kanuni ya Elo, hiyo ni kumzidi mpinzani kwa pointi 35 hivi. Inavutia, sivyo? Subiri kwanza. Mkengeuko sanifu wa gemu moja hapa ni 0.384. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 100, yaani 10, kisha zidisha kwa 1.96. Unapata takriban 0.075. Basi kwa kiwango cha uhakika cha 95%, uwezo halisi uko kati ya 47.5% na 62.5%. Na 50% imo humohumo! Huenda hakuna kilichobadilika. Ukitaka kuupunguza upana huo kwa nusu, unahitaji gemu 400, si 200, kwa sababu ya kile kipeuo.

Hapo bado ni mpinzani mmoja. Stockfish iliwahi kuwa na mpangilio ulioitwa Contempt, yaani dharau. Ukiuongeza, programu inakwepa sare hata pale mambo yakiwa sawa kwa sawa. Dhidi ya mnyonge hiyo ni faida, kwani mchezo ukirefuka atakosea tu. Dhidi ya mbabe, dharau hiyohiyo inaweza kukuponza ukakosa hata nusu pointi. Anayepima kwa wanyonge atausifu, anayepima kwa wababe atauponda, na kila mmoja ana takwimu mkononi. Kwa hiyo tafuta wapinzani wa viwango mbalimbali, na andika matokeo ya kila mmoja peke yake kabla ya kukimbilia wastani. Kila ufunguzi uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi, maana mwenye kete nyeupe ana faida ya kuanza.

Tena, usisimamishe jaribio kwa sababu tu unaongoza. Matokeo hupanda na kushuka. Ukichungulia kila mara, ipo siku yatakupendeza. Panga idadi mapema, au tumia jaribio la mfuatano, njia ya Abraham Wald ya miaka ya 1940, ambayo mipaka yake ya kusimama huwekwa kabla ya kuanza. Ndiyo inayotumika Fishtest, mfumo ulioanza 2013, ambako watu hujitolea kompyuta zao kupima mabadiliko ya Stockfish. Badiliko moja huweza kuchezewa makumi ya maelfu ya gemu.

Kwa nini nawaandikia haya hata ninyi msiojua farasi anavyoruka? Kwa sababu ya tafiti zetu za mwaka wa mwisho. Dodoso 30 za bweni moja, halafu hitimisho kuhusu "vijana wa Tanzania"! Bweni moja ni mpinzani mmoja, ndugu yangu. Kabla hujaandika "utafiti umethibitisha", kokotoa upana wa makosa yako, kisha uandike palepale pembeni ya asilimia, msomaji auone.