Dondoo muhimu: Kupolishi gari la silva kwa mashine

Gari la silva linaficha mengi. Rangi yake ina chembechembe za alumini zinazotawanya mwanga, hivyo mikwaruzo inayoonekana wazi kwenye gari jeusi hapa haijitokezi mpaka bodi imulikwe tochi kwa pembeni, kivulini. Fundi asiyemulika anabahatisha.

Juu ya silva kuna klia, tabaka angavu ambalo kwa magari mengi lina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu likitoka kiwandani, pungufu ya karatasi ya daftari. Mashine hulipunguza kila inapopita, na likiisha hakuna polishi ya kulirudisha. Ni kupiga rangi upya. Ndiyo maana fundi makini hujaribu kwanza eneo dogo la boneti kwa sponji laini na polishi hafifu, kabla hata ya kugusa kompaundi kali. Kingo za milango na mikunjo ya bodi huzibandika utepe wa karatasi, kwani hapo klia huwahi kuisha.

Gari lioshwe vizuri kabla ya yote: punje moja ya mchanga chini ya sponji inaharibu kazi nzima.

Polishi ikishafutwa, nta ipakwe nyembamba. Mombasa au Tanga, penye hewa ya chumvi na jua kali, irudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kinyesi cha ndege nacho kisisubiri siku ya kuosha. Kilowekwe kwa maji na kufutwa taratibu siku hiyohiyo.