Juan Vilanova y Piera na majina ya zama za kale

Utangulizi

Sisi tunaosoma lugha huwa tunawaachia wengine habari za mawe na mifupa. Lakini kila elimu husimama juu ya maneno yake, na watu wa kale wasioacha maandishi hawawezi kutuambia zama zao ziliitwaje. Majina tunayapanga sisi. Makala haya yanamtazama Juan Vilanova y Piera (1821–1893), Mhispania aliyefungua njia katika jiolojia na historia ya awali nchini mwake. Tutaonyesha kwamba alijitahidi kuvipa vitu vilivyofukuliwa jina na nafasi yake, hata pale wakubwa wa elimu walipokataa.

1. Mtu na kazi zake

Vilanova alizaliwa Valencia, akasoma tiba na elimu ya viumbe, kisha akaenda Paris kujifunza jiolojia. Aliporudi alifundisha jiolojia na elimu ya visukuku katika Chuo Kikuu cha Madrid. Mwaka 1872 alitoa kitabu kuhusu asili na ukale wa binadamu. Wakati huohuo alitoa taarifa za mifupa ya iguanodoni kutoka mashariki mwa Hispania, taarifa ambazo ni kati ya za kwanza za dinosaria nchini humo. Mwaka 1884 alichapisha kamusi ya jiografia na jiolojia, ili Mhispania aisome elimu hiyo kwa lugha yake mwenyewe.

Alikuwa Mkatoliki, wala hakuikubali nadharia ya Darwin. Hata hivyo, zana za mawe zilipomwonyesha kwamba binadamu ni wa kale sana, hakukataa ushahidi huo.

2. Pango la Altamira

Mwaka 1879, Marcelino Sanz de Sautuola alikuwa akichimba katika pango la Altamira, karibu na Santander. Binti yake María, mtoto wa miaka minane, aliinua macho akaona wanyama waliochorwa darini. Mwaka uliofuata Sautuola alichapisha kijitabu akisema michoro hiyo ni ya Zama za Mawe. Vilanova alilitembelea pango, akasadiki, akaipeleka habari mbele ya kongamano la kimataifa la Lisbon mwaka huohuo wa 1880.

Hawakusikilizwa. Wataalamu wa Ufaransa, Émile Cartailhac akiwa mmoja wao, waliona haiwezekani mtu wa kale kuchora kwa ustadi kiasi hicho. Kwao, neno «mtu wa kale» lilikuwa tayari na maana ya «asiye na sanaa». Maana hiyo ikawazuia kuona kilichokuwa darini. Sautuola alifariki mwaka 1888, Vilanova mwaka 1893. Cartailhac alikiri kosa lake hadharani mwaka 1902, baada ya michoro mingine kupatikana katika mapango ya Ufaransa. Waliostahili kuusikia ukiri huo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

3. Shaba ipi?

Vilanova alitetea pia kuwepo kwa zama za shaba tupu, kati ya zama za mawe yaliyosuguliwa na zama za bronzi. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Mtu anayefua shaba peke yake bado hajafika kwenye ujuzi huo wa kuchanganya; ndiyo maana Vilanova aliona kila hatua inahitaji jina lake. Leo wanaakiolojia wanazitambua zama hizo.

Hapa Kiswahili kinatuuliza swali. Sisi Wakongo tunaijua shaba: Katanga yenyewe iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Lakini mshindi wa tatu michezoni hupewa «medali ya shaba», nayo kwa kawaida ni ya bronzi. Basi tukiandika «Zama za Shaba», msomaji ataelewa zipi? Mgawanyo alioutetea Vilanova unapotea ndani ya neno moja. Tunapendekeza «Zama za Shaba» kwa zile za kwanza na «Zama za Bronzi» kwa zile zilizofuata, na matumizi hayo yashikwe katika tafsiri zetu zote.

Hitimisho

Urithi wa Vilanova una pande mbili. Kuhusu Altamira, alikubali kubadili maana ya neno pale ushahidi ulipodai hivyo. Kuhusu shaba, alidai neno jipya pale la zamani lilipoficha tofauti. Mfasiri na mtunga kamusi hukutana na kazi hizo mbili kila siku, na kabla ya kuchagua istilahi inampasa kwanza akitazame kitu chenyewe.